Mti wa Maua na Kimea cha Kukanyagwa

MSOMAJI, mwulize yeyote aliyepanda Milima ya Rwenzori nchini Uganda akueleze alichokiona huko. Kwanza atataja theluji, kwani nani asiyestaajabia theluji karibu na ikweta? Halafu atataja matope. Akiwa mtu wa jicho pevu, atakusimulia kuhusu miti iliyopinda na kujikunja ndani ya ukungu, yenye ndevu za kijivu na maua meupe madogo mno. Lakini kile alichokuwa akikikanyaga kutwa nzima, ni nadra sana kukitaja.

Makala haya yanahusu vyote viwili: mti ule wa ndevu na maua, na kimea kile kilicho chini ya viatu. Wataalamu huuita mti huo erika, na kimea hicho sfagnamu. Usiogope majina. Erika ni kichaka kisichopukutisha majani, ambacho mahali pengi huishia kimo cha mtu lakini huku Rwenzori hurefuka kupita mita 10. Sfagnamu nayo ni ya ukoo wa vile vimea laini vya kijani unavyoviona kwenye mawe na kuta zenye unyevu, ambavyo vitabu vya Kiswahili huviita kuvumwani. Tofauti ni kwamba hii haikutosheka na ukuta. Imetandaza zulia mlima mzima.

Ukitoka Nairobi utapanda basi la usiku hadi Kampala, kisha lingine la kwenda Kasese, magharibi kabisa mwa Uganda. Zamani ungeweza kwenda kwa gari la moshi, maana reli ilifika Kasese mwaka 1956 kufuata shaba ya Kilembe. Mji wenyewe uko bondeni, nao una joto la kukufanya ushangae kwa nini umebeba sweta tatu. Kiswahili chako kitakufaa hapa kuliko unavyodhani. Enzi za mgodi watu walimiminika kutoka kila pembe, na mpaka wa Congo hauko mbali. Wenyeji wa milimani ni Wakonzo, na wao ndio wapagazi na waelekezi wa wageni.

Njia ya zamani huanzia Nyakalengija. Siku ya kwanza unapita msituni hadi kibanda cha Nyabitaba, mita 2,651 juu ya usawa wa bahari. Siku ya pili, baada ya mianzi, ndipo mambo yanapobadilika. Miti mikubwa inakwisha. Ukungu unashuka. Unajikuta katikati ya vigogo vilivyopindana, na kila kigogo, kila jiwe na kila mzizi umefunikwa na kitu laini cha kijani, manjano na hata chekundu. Umeingia nyumbani kwa erika na sfagnamu.

Hapo ndipo mwelekezi, kijana mmoja mpole, aliponishika mkono nikiwa tayari kuweka mguu kwenye zulia lililonivutia kwa ulaini wake. "Dada, hapo si chini," akaniambia. "Kanyaga mzizi." Akachukua fimbo yake akaisukuma ndani ya zulia lile, nayo ikazama hadi karibu na kiganja chake.

Tuanze na yule anayependa kuonekana. Ukoo wa erika ni mkubwa, na ndugu zake wengi wako Afrika Kusini, penye aina zaidi ya 600. Ile inayojulikana zaidi katika milima yetu, Erica arborea, ina makao kuanzia nchi zilizo kandokando ya Bahari ya Mediterania, kupitia Ethiopia, hadi Kenya, Uganda na Tanzania. Mediterania ni mbali sana na Kasese, lakini mti ni ule ule. Chini ya shina lake, penye mizizi, hufanya nundu ngumu ya mbao isiyoshika moto kwa urahisi. Mafundi wa mji wa Saint-Claude nchini Ufaransa wamekuwa wakichonga viko kutokana na nundu hizo tangu karne ya 19. Kwa hivyo huenda babu yako aliyevuta kiko alikuwa ameishika erika mkononi bila kuijua.

Jani la erika ni jembamba kama sindano, na kingo zake zimejikunja kuelekea chini. Vitundu ambavyo mmea hupumulia vimefichwa ndani ya mkunjo huo ili maji yasipotee ovyo. Utauliza: katika mlima unaopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, mti unabania maji ya nini? Jibu liko kwenye baridi. Usiku huku juu kunaweza kuganda. Asubuhi jua huwaka ghafla na majani yanadai maji, lakini mizizi ingali ndani ya udongo baridi, na udongo baridi hautoi maji upesi. Mti unakaa kisimani lakini kamba haijafika.

Zile ndevu za kijivu zinazoning'inia si zake. Ni viumbe vingine kabisa, kuvu na mwani vilivyoungana kuishi pamoja, navyo vimepanga tu kwenye matawi. Lakini ndevu na yale majani ya sindano hufanya kazi moja kubwa. Ukungu unapopita, vitone vidogo hunasa humo, vinaungana, vinadondoka. Simama chini ya erika asubuhi isiyo na mvua na kofia yako italowa. Mti huu unakinga maji ambayo yangepita hewani yakaenda zake.

Na maua yake, ingawa kila moja ni dogo kuliko punje ya mchele, huchanua kwa maelfu, nayo nyuki huyafuata kwa ajili ya asali. Picha zote ulizoona za Rwenzori zimepigwa chini ya miti hii. Sioni kosa lolote. Hata mimi nilimaliza karibu filamu nzima hapo, au tuseme nilijaza simu, maana siku hizi ndivyo ilivyo.

Sasa shusha macho. Sfagnamu haina mizizi. Haina shina la mbao wala mishipa ya kupandishia maji kama mimea uliyochora katika daftari la shule. Haina ua. Ukiitazama kwa kioo cha kukuza, utaona kwamba jani lake limeundwa na chembechembe za aina mbili. Zipo nyembamba za kijani, ambazo ndizo zilizo hai. Katikati yake yako mapipa matupu, yaani chembechembe kubwa zilizokwisha kufa, zenye vitundu vya kuingizia maji. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya mmea huu ni matangi.

Matangi yenyewe si mchezo. Sfagnamu iliyokauka yaweza kushika maji yenye uzito wa mara 20 hivi ya uzito wake wenyewe. Wewe unayeteka maji mtaani utaelewa hesabu hii haraka: kilo moja ya kimea kikavu kisicho na hata mzizi, na mtungi mzima wa lita 20 ndani yake.

Tena haikomi hapo. Huendelea kukua kwa juu huku ikifa kwa chini, na ile iliyokufa haiozi vizuri. Sababu ni mbili. Kwanza, chini ya maji hakuna hewa ya kutosha kwa wadudu wa uozo. Pili, sfagnamu yenyewe hunyakua madini kidogo yaliyo katika maji na kuachilia uchachu badala yake. Maji yanayoizunguka huchacha kiasi kwamba mimea mingi hushindwa kukaa karibu. Ni ujanja wa kujitengea kiwanja. Mabaki hulundikana, tabaka juu ya tabaka, yakawa udongo mweusi wa mboji uliojaa maji. Katika sehemu nyingi duniani mboji ya namna hii huongezeka kwa takriban milimita 1 kwa mwaka. Ukizama hadi kiunoni, msomaji, huenda umekanyaga mimea iliyokufa miaka elfu moja hivi iliyopita.

Nguvu ya kuzuia uozo ndiyo iliyompa sfagnamu umaarufu aliowahi kuupata. Mwezi Mei mwaka 1950, wachimbaji mboji karibu na Silkeborg nchini Denmark walifukua maiti ya mwanamume. Uso ulikuwa mzima kiasi kwamba polisi waliitwa, ikidhaniwa ni mauaji ya juzi. Kumbe mtu huyo alikuwa amelala humo zaidi ya miaka 2,300. Kofia yake ya ngozi ilikuwa kichwani, kamba iliyomnyonga ingali shingoni, na tumboni mabaki ya uji wake wa mwisho. Leo anajulikana kama Mtu wa Tollund, na kichwa chake kimo katika jumba la makumbusho la mji huo.

Katika Vita Vikuu vya Kwanza, pamba ilipopungua, Waingereza walikusanya sfagnamu kutoka kwenye vinamasi vyao, wakaikausha na kuifungia majeraha ya askari. Ilifyonza damu na usaha kuliko pamba, na ule uchachu wake ulizuia vidonda kuoza. Kufikia mwaka 1918 vitambaa vya namna hiyo vilikuwa vikitengenezwa kwa mamia ya maelfu kila mwezi. Hakuna aliyewahi kufunga jeraha kwa erika.

Tukirudi mlimani, utataka kujua majirani hawa wanapatanaje. Kwenye miteremko wanapatana vyema. Erika humwagia sfagnamu matone ya ukungu na kumkinga na jua kali. Sfagnamu naye huuchachua udongo, jambo ambalo lingeua miti mingi, lakini erika ana msaada wa siri. Katika vijizizi vyake, vyembamba kama nywele, huishi kuvu wanaomtafutia chakula humo humo kwenye uchachu, naye huwalipa kwa sukari. Washindani wamefukuzwa na yeye amebaki na shamba.

Ila urafiki huo una mpaka. Ukipita kibanda cha John Matte, kilicho mita 3,505, utafika Bigo, bonde tambarare lililojaa kinamasi. Zamani wageni waliruka kutoka kichuguu kimoja cha nyasi hadi kingine, na aliyekosea alitolewa na wenzake bila kiatu. Siku hizi imejengwa njia ya mbao. Ukiwa katikati ya mbao hizo geuka uangalie pande zote: erika iko pembeni, kwenye mteremko, na hakuna hata moja iliyothubutu kusimama kati. Mizizi yake haiwezi kuishi ndani ya maji yaliyosimama. Pale sfagnamu na nyasi za kinamasi zinapotawala kabisa, erika husalia kuchungulia kutoka kandokando kama mgeni asiyealikwa.

Hadi hapa huenda unafikiri haya ni mambo ya walimu wa biolojia. Basi shuka nami hadi upande wa Kilembe, kwenye bonde la mto Nyamwamba.

Mwezi Februari mwaka 2012, wakati wa kiangazi, moto uliwaka sehemu za juu za bonde hilo, katika ukanda wa erika. Rwenzori kuungua ni jambo lililowashangaza wengi, kwani mlima wenyewe husifika kwa kulowa. Lakini erika, kijani kibichi ilivyo, ina vijitawi vikavu na vyembamba vinavyoshika moto kama kuni za kuwashia. Zulia la chini likiwa limelowa, moto hupita juu juu na kufa. Zulia likikauka, nalo huwaka, na mboji iliyo chini yake huweza kufukuta bila miali, mahali ambapo hakuna ndoo ya maji inayofika.

Mwaka mmoja na miezi michache baadaye, tarehe 1 Mei 2013, mvua kubwa ilinyesha mlimani na Nyamwamba ikaja kwa kishindo. Iliviringisha mawe makubwa hadi Kilembe na mjini Kasese, ikabomoa madaraja na nyumba, ikaingia hospitali ya Kilembe. Watu kadhaa walikufa na maelfu wakaachwa bila makao. Wanasayansi waliochunguza mkasa huo baadaye waliutaja moto wa 2012 miongoni mwa sababu zilizofanya furiko liwe kali kiasi kile. Mei 2020, katika msimu mwingine wa mvua nyingi mno, mto huo ulifurika tena na hospitali ile ile ikaharibiwa.

Hapa sharti tuwe waangalifu. Mara nyingi utasikia ikisemwa kwamba vinamasi humeza mafuriko kama sponji. Hiyo ni nusu ya ukweli. Sponji iliyokwisha kujaa haimezi tena, na Rwenzori sponji hujaa karibu mwaka mzima. Kazi kubwa ya sfagnamu wakati wa mvua ni nyingine: ni kukwamisha. Maji yanayoteremka juu ya zulia lenye vinundu na vijishimo elfu hujikwaa kila hatua, na hufika mtoni kidogo kidogo, yamechelewa. Ondoa zulia, bakiza mwamba na jivu, na mvua ile ile hufika chini kwa saa chache, yote kwa pamoja. Mteremko wenyewe ni mkali, na mvua ya siku ile ilikuwa kubwa. Hivyo havikuletwa na moto. Lakini yule mama aliyepoteza nyumba kando ya Nyamwamba hakuwa na la kufanya kuhusu mteremko wala mvua. Zulia ndilo lililokuwa limebaki mikononi mwa binadamu.

Na baada ya moto, majirani wetu hawafanani hata kidogo. Erika arborea iliyoungua huchipua upya kutoka kwenye ile nundu ya shinani. Ukipita miaka michache baadaye utaona vijiti vya kijani vikizunguka kigogo cheusi, na utaondoka ukisema mlima umepona. Huo ndio udanganyifu wake. Sfagnamu inaweza kurudi kwa vumbi lake jepesi la uzazi, ambalo hurushwa hewani na vikopo vidogo vinavyopasuka juani mithili ya risasi. Lakini inarudi kama zulia jipya la sentimita chache. Mboji ya mita moja iliyoteketea kwa wiki kadhaa itahitaji miaka elfu moja hivi kurudi.

Wewe wa Nairobi usidhani haya ni ya Waganda peke yao. Machi 2012, mwezi mmoja tu baada ya ule moto wa Rwenzori, Mlima Kenya nao uliwaka, na ukanda wa erika ukaathirika vibaya. Kilimanjaro iliungua Oktoba 2020, ikaungua tena Oktoba 2022. Mtaalamu Andreas Hemp, aliyeutafiti mlima huo kwa miaka mingi, aliandika mwaka 2005 kwamba kutoweka kwa misitu ya erika kwa sababu ya moto kumeupotezea mlima maji mengi kuliko kuyeyuka kwa barafu yake. Barafu ndiyo inayopigwa picha na kuliliwa duniani kote. Kwa kijiji kilicho chini, matone ya ukungu yalikuwa na uzito zaidi.

Maji ya mfereji wako, yale yanayotoka siku yanayopenda, kwa sehemu kubwa huja kutoka mabwawa ya Ndakaini na Sasumua, nayo hujazwa na mito ya Nyandarua. Juu kule kuna erika tele, na kuna vinamasi vyenye mboji. Ukiwa na gari lenye magurudumu manne yanayovuta, unaweza kwenda na kurudi kwa siku moja ukiwapeleka watoto. Wataanza kwa kuuliza tembo wako wapi. Waache waulize, kisha wateremshe mahali paliporuhusiwa uwaonyeshe majani ya sindano yaliyojaa matone.

Kama unakwenda Rwenzori yenyewe, chagua kati ya katikati ya Desemba na mwanzo wa Machi, au Julai na Agosti, miezi ambayo mvua hupungua, ingawa haikomi. Viatu vya ngozi viache nyumbani. Chukua gambuti, na soksi nyingi kuliko unavyodhani utahitaji. Hairuhusiwi kung'oa mmea wowote. Lakini hakuna atakayekukataza kuchuchumaa kando ya njia, karibu na shina la erika, ukaweka kiganja juu ya zulia na kukandamiza taratibu. Maji yatapanda kati ya vidole hadi kwenye kifundo cha mkono, baridi na ya rangi ya chai ya rangi. Ukiondoa mkono yatarudi chini, na baada ya muda alama ya vidole vyako itakuwa imefutika.

Ukishukia upande wa Kilembe, mwombe dereva asimame darajani. Mawe yale utayaona.